Mlango wa Shukrani

Ilikuwako nchi moja, na jina lake tuliache lilipo, iliyowapenda askari wake kupita kiasi. Mapenzi yenyewe hayakuwa maneno matupu. Kulikuwa na Wizara ya Shukrani, na ndani ya Wizara kulikuwa na Idara ya Shukrani za Angani, na Idara hiyo ndiyo iliyosimamia viwanja vya ndege.

Mambo yalianza siku Waziri wa Shukrani alipokuwa safarini, akamwona mama wa askari mmoja ameinama mbele ya mashine ya ukaguzi, anavua viatu. Waziri alilia. Alilia palepale uwanjani, na kwa kuwa wapiga picha hawakuwapo, alilia tena kesho yake walipokuja. Akasema, "Miguu iliyomfuata shujaa alipokuwa anatambaa haitakanyaga sakafu ya baridi maadamu mimi ni Waziri."

Haikupita wiki mbili, sheria ikatoka. Jamaa za askari wasipange foleni na watu wengine. Wapite mlango wao. Wasivue viatu wala mkanda, wasifunguliwe mizigo, wasiulizwe chupa waliyobeba ina nini. Juu ya mlango huo kikatundikwa kibao chenye herufi za dhahabu: MLANGO WA SHUKRANI. DAKIKA TATU TU.

Kibao hakikusema uongo. Kuupita mlango ule kulichukua dakika tatu. Kuufikia ndiko kulikokuwa na muda wake mwenyewe.

*

Bibi Nyamizi alifika uwanjani saa moja asubuhi, na kikapu kimoja na chupa ya uji wa ulezi. Jioni iliyopita alikuwa amepigiwa simu na mwanamke asiyemjua.

"Bibi, mimi ni muuguzi wa Shigela, hapa hospitali ya kambi. Ameumia. Anakuita. Ukiweza kuja kesho, njoo kesho. Usiseme keshokutwa."

Bibi Nyamizi hakuwa mtu wa kuuliza maswali mengi. Alimlea Shigela tangu ana miezi minane, na sauti ya mtu anayeficha jambo kwa huruma aliijua. Alisema tu, "Ahsante mwanangu kwa kunipigia," akaanza kukoroga uji. Ndege ya kwenda mpakani ilikuwa moja kwa siku, saa sita mchana.

Alijipanga kwenye foleni ya watu wote. Mbele yake walikuwa watu tisa. Aliyemtangulia alikuwa mzee aliyebeba boksi la vifaranga, limetobolewa matundu, na kila foleni iliposogea vifaranga walilia kwa pamoja. Mzee aligeuka akamwomba radhi.

"Wanasafiri mara ya kwanza," alisema.

"Hata mimi," alisema Bibi Nyamizi.

Foleni ilikwenda vizuri. Saa moja na nusu walikuwa wamebaki watu wawili, na Bibi alikuwa ameshavua viatu ameviweka mkononi ili asimcheleweshe mtu. Msichana wa ukaguzi alimwona, akamsalimu kwa adabu.

"Shikamoo bibi. Safari ya wapi asubuhi yote hii?"

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda kumwona mjukuu wangu. Ni askari, ameumia."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Aliulizwa kwa upole, akajibu kweli.

Macho ya msichana yalijaa machozi. Alimnyang'anya Bibi viatu vyake, akapiga magoti, akamvisha mwenyewe mguu mmoja mmoja, akafunga kamba kwa fundo lisilobana. Kisha akamshika mkono.

"Huku si mahali pako, bibi," alisema. "Wewe ni mtu wa heshima."

"Lakini nimeshafika, mwanangu."

"Ndiyo, umefika pasipo pako." Na akamtoa kwenye foleni.

*

Mlango wa Shukrani ulikuwa na zulia jekundu na viti ishirini na vinane vilivyopangwa mstari mmoja. Aliyeusimamia alikuwa Bwana Luhende, Afisa wa Shukrani Daraja la Pili, mwanamume mnene mwenye sauti laini, mvaaji wa glavu nyeupe.

"Karibu sana, bibi wa shujaa. Shujaa wetu ana cheo gani?"

"Praiveti."

"Safi kabisa," alisema Bwana Luhende. "Bila praiveti hakuna jeshi." Akampeleka kwenye kiti cha ishirini na nane, karibu na pipa la taka. Lakini kabla hajaketi alikifuta kiti kwa leso yake mwenyewe, na Bibi akaliona hilo, akaliweka moyoni.

Sasa utaratibu ulikuwa hivi. Katika kambi za nchi ile, mdogo hatangulii mlangoni mbele ya mkubwa. Wataalamu wa Idara walikaa wakajiuliza: ikiwa praiveti hawezi kumtangulia kapteni, bibi yake praiveti atamtangulia vipi mke wa kapteni? Kwa hiyo cheo cha askari kilivaliwa na ukoo wake wote, mpaka binamu wa tatu, na kila mmoja aliketi mahali pa cheo chake. Akiingia mtu mpya, wote waliomzidi walibaki, wote aliowazidi waliinuka wakasogea kiti kimoja nyuma. Kulikuwa na majenerali mia tatu na kumi na wawili, na wote walikuwa watu wa koo kubwa. Praiveti walikuwa wanapungua kila mwezi, kwa sababu hao ndio waliopelekwa mpakani.

Mpaka saa tatu Bibi Nyamizi alikuwa amesogea mbele na kurudishwa nyuma mara kumi na saba, na viti vilikuwa vimemwishia. Mwanamke wa usafi alikuja akageuza ndoo yake juu chini, akaikung'uta maji, akamwekea nyuma ya kiti cha mwisho.

"Kalia hii, mama. Nimeisuuza."

"Na wewe utapigia deki nini?"

"Nitapiga polepole," alisema mwanamke wa usafi.

Mbele yake sasa aliketi mke wa sajini mmoja, aliyeitwa Mama Atupele, mwanamke mwembamba anayetafuna njugu kimyakimya. Alimgawia Bibi nusu ya zilizobaki.

"Wewe uko hapa tangu lini?" Bibi aliuliza.

"Tangu Jumanne."

"Leo ni Alhamisi."

"Jumanne ya wiki iliyopita, bibi. Nyumbani wanadhani nimeshafika. Naona haya kuwaambia niko palepale."

Bibi alimwita Bwana Luhende, akamwuliza kwa adabu kwa nini mstari hausogei.

"Unasogea sana, bibi, ila kwa heshima. Kila anayefika mlangoni lazima asomewe shukrani za taifa. Mama wa Jenerali ana kurasa kumi na moja. Mke wa Kanali kurasa saba. Kapteni kurasa nne."

"Na bibi wa praiveti?"

"Neno moja. 'Ahsante.'" Bwana Luhende alitabasamu kumfariji. "Ndiyo maana wewe, ukishafika tu, utapita kama upepo."

Bibi alitazama upande wa pili. Foleni ya watu wote ilikuwa imekwisha. Msichana wa ukaguzi alikuwa amekaa juu ya meza, anachezesha miguu, hana mtu wa kumkagua. Ng'ambo ya kioo yule mzee wa vifaranga alikuwa ameshapita zamani, anampungia mkono, anaonyesha saa.

"Mwanangu," Bibi alimwambia Bwana Luhende, "naomba unirudishe kule. Nitavua viatu, sina neno."

Uso wa Bwana Luhende uliingia huzuni ya kweli. Alichuchumaa mbele ya ndoo ili wawe sawa kwa macho, akanong'ona.

"Bibi, usiseme hivyo watu wakasikia. Hilo linaitwa Kukataa Shukrani ya Taifa. Ni miezi sita. Na wanaofungwa hawaendi kuona wagonjwa."

"Hata kama mgonjwa ni askari?"

"Hapo huwa miaka miwili, kwa sababu ni askari ndiye aliyedharauliwa."

Mama Atupele alisikia yote. Akasimama, akamvuta Bibi mkono. "Basi akae mahali pangu. Mimi nimezoea."

"Mama, cheo si kanga ya kuazimana," alisema Bwana Luhende.

"Hata kwa siku moja?"

"Hata kwa siku moja."

Mama Atupele aliketi. Akatafuna. Kisha akasema, "Ningekuwa na shemeji kanali, aliyefiwa na mke, ningekuozesha sasa hivi, bibi. Ungepanda na ndege ukiwa bibi harusi."

Bibi Nyamizi alicheka mpaka akafuta macho, na alipokwisha kuyafuta aliendelea kuyafuta.

*

Saa nne aliingia mbwa wa Brigedia. Alikuwa na tiketi yake shingoni na mtu wa kumshikia kamba. Wote kuanzia kanali kushuka waliinuka. Mbwa alisomewa shukrani kurasa tisa, na katika ukurasa wa sita alilala. Bwana Luhende, kwa kuwa alikuwa mtu mwungwana, aliendelea kusoma kwa sauti ya chini asimwamshe.

Saa tano simu ya Bibi iliita.

"Bibi, ni mimi muuguzi. Ananiuliza kama umeshapanda ndege. Nimwambie nini?"

"Ananisikia?"

"Nimemwekea simu sikioni. Zungumza."

Bibi aliinuka kwenye ndoo, kana kwamba Shigela anaingia chumbani.

"Baba, ni bibi yako."

"Bibi." Sauti ilikuwa ndogo, ina pumzi katikati. "Umekula?"

"Nimekula njugu. Na uji wako ninao, nimeukoroga mwenyewe, hauna bonge."

"Uko wapi?"

"Niko kwenye foleni yako, baba. Wanakupenda sana hapa."

"Wamekuweka mbele?"

Bibi alitazama ule mstari wa migongo mbele yake.

"Mbele kabisa," alisema.

"Basi nitakungoja," alisema Shigela.

Simu ikakatika. Bibi aliishika muda mrefu, akaifunga ndani ya leso. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe: alipita mbele za watu. Alitembea juu ya zulia jekundu mpaka kwa Bwana Luhende, akapiga magoti.

"Mwanangu, yule mtoto amesema atanigoja. Hajui kusema uongo. Niibe. Nipitishe kama unavyopitisha mzigo kwenye mkanda. Sitamwambia mtu."

Bwana Luhende alimwinua kwa mikono miwili.

"Bibi, mimi mwenyewe mama yangu yuko kiti cha kumi na tisa," alisema. "Kaka yangu ni luteni usu. Leo ni siku ya tano namletea chai."

Bibi aligeuka, akamwona kizee ameegemea fimbo kiti cha kumi na tisa, amelala mdomo wazi. Hakuomba tena. Alirudi kwenye ndoo yake.

*

Saa sita kasorobo ilitangazwa kwamba ndege ya mpakani haitaondoka kwa wakati, kwa sababu shemeji yake Jenerali mmoja bado yuko saluni, na si heshima ndege kumwacha mtu mwenye nywele mbichi. Bibi Nyamizi alimshukuru Mungu kwa ajili ya nywele hizo. Aliziombea zichelewe kukauka.

Badala ya shemeji alikuja Waziri wa Shukrani na wapiga picha. Mlango ulikuwa unatimiza mwaka mmoja. Waziri alipanda kwenye jukwaa dogo.

"Ndugu wananchi! Mwaka jana bibi wa askari alikuwa akisimama foleni kama mtu yeyote. Leo nauliza: iko wapi foleni hiyo?" Akaonyesha upande wa pili, ambako msichana wa ukaguzi alikuwa peke yake. "Imekwisha. Hakuna hata bibi mmoja kule. Tumewatoa wote."

Watu wa viti walipiga makofi, maana asiyepiga alirudishwa nyuma nafasi mbili.

Waziri aliomba bibi wa kukumbatia. Walitafuta bibi wa jenerali, lakini bibi wa majenerali wote walikuwa wamekwisha kufa kwa uzee, kwa hiyo wakamleta Bibi Nyamizi. Waziri alimkumbatia vizuri, alikuwa na mwili wa joto kama mkate. Mpiga picha akasema kifuniko cha kamera kilikuwa hakijatolewa, warudie. Mara ya pili Bibi alimnong'oneza sikioni.

"Mheshimiwa, mjukuu wangu yuko kitandani. Ndege iko pale nje. Naomba nipite."

Waziri alimshika mabega, akamtazama kwa macho yaliyolowa.

"Bibi," alisema, "hilo ndilo ombi zuri kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu. Liandikwe."

Likaandikwa, kwa wino wa buluu, kwenye karatasi nzuri. Wakampa nakala.

*

Saa saba na dakika ishirini mashine iliyokuwa mezani kwa Bwana Luhende ililia, ikatoa karatasi. Ndiyo mashine iliyoleta mabadiliko ya vyeo kutoka makao makuu. Bwana Luhende aliisoma, akaisoma tena, akavaa kofia yake. Akasimama wima.

"Bibi wa Luteni Shigela. Aje mbele."

Mtu hakuinuka.

"Bibi wa Luteni Shigela," alisema tena, taratibu zaidi, akimtazama Bibi Nyamizi.

"Wangu ni praiveti," alisema Bibi.

"Alikuwa praiveti, bibi. Amepandishwa, na jamaa wa aliyepandishwa husomewa kwanza."

Watu wa viti vya mbele walianza kupiga makofi. Watu wa viti vya nyuma hawakupiga. Wake wa makoplo na mama za masajini walitazama chini, na Mama Atupele aliacha kutafuna. Wao waliijua ile njia. Katika jeshi la nchi ile praiveti alihitaji miaka minane kuwa koplo na bahati kubwa kuwa sajini. Kuwa luteni kwa siku moja, kutoka kitandani, kulikuwa na njia moja tu.

Bibi Nyamizi alipelekwa mbele juu ya zulia. Mstari wote ulisogea kumpisha. Kiti cha ngozi kililetwa, hakukikalia. Mlango ulikuwa wazi, na ng'ambo ya kioo ndege ilionekana, ngazi imeshushwa.

Bwana Luhende alifungua kurasa za shukrani. "Taifa lako," alisoma, "linakushukuru wewe, bibi wa Luteni, kwa zawadi uliyolipa. Jina lake litakumbukwa daima." Akarudia mstari uleule. "Litakumbukwa daima..."

"Saa tano nilizungumza naye," alisema Bibi. "Alikuwa praiveti. Aliniuliza kama nimekula."

"Ndiyo, bibi."

"Kafanya nini baada ya saa tano mpaka akawa luteni?"

Bwana Luhende aligeuza karatasi upande wa pili, kama mtu anayetafuta msaada. Karatasi ilikuwa ya pongezi. Habari ile nyingine ilikuwa ya ofisi nyingine, nayo iliruhusiwa kuitoa ndani ya siku kumi na nne.

"Imeandikwa ni kwa ushujaa," alisema, na machozi yakamdondokea juu ya glavu.

Ndani ya leso, simu ya Bibi ilianza kuita. Iliita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Bibi aliishika kwa nje ya kitambaa, kama mtu anavyomtuliza mtoto mgongoni, lakini hakuifungua.

"Njia ni nyeupe, bibi," alisema Bwana Luhende. "Sasa ndege inakungoja wewe."

"Huyo luteni simjui," alisema Bibi Nyamizi. "Mimi nilikuja kumwona praiveti."

Akageuka. Akapita viti vyote ishirini na vinane, akafika kwenye ile ndoo, akaketi.

Hapo utaratibu uliingia katika shida ambayo wataalamu hawakuwa wameifikiria. Mtu wa sajini hawezi kuwa mbele ya mtu wa luteni. Kwa hiyo Mama Atupele aliinuka, akaenda kusimama nyuma ya Bibi. Wake wa makoplo wakafuata, na mama za masajini, na wale wa luteni usu, na kizee cha kiti cha kumi na tisa kikashikwa mkono na mwanawe, Bwana Luhende. Wote wakajipanga nyuma ya ndoo.

Bibi Nyamizi aliwatazama. Akainuka, akachukua ndoo yake, akaenda kuiweka nyuma yao.

Wakahama tena. Naye akahama tena. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyesukumana. Mama Atupele alimbebea kikapu. Mstari uliacha zulia, ukapita mashine za tiketi, ukapita mlango mkuu, ukatoka nje kwenye maegesho ya magari, juani, ukiuacha Mlango wa Shukrani mbali nyuma yake. Bwana Luhende alifuata na kurasa zake mkononi, akiomba, akifuta uso. Ndege iliondoka saa nane na robo. Walioisikia hawakuinua macho.

Teksi ilisimama. Alishuka mwanamke kijana, mtoto mgongoni, barua ya kambi mkononi. Aliuona ule mstari, akaenda kwa mtu wa mwisho, ambaye alikuwa amekalia ndoo.

"Shikamoo bibi. Hapa ndipo pa jamaa za askari? Mume wangu ni praiveti. Ninakaa wapi?"

Bibi Nyamizi alisogeza ndoo yake nyuma kidogo, akamfanyia nafasi.

"Kaa hapo mbele yangu, mwanangu," alisema. "Wangu naye ni praiveti, lakini sisi hatuna haraka."